Mhindi aliyefanya Nairobi igome

Wasee, Juni 2024 nilikuwa tao. Tulipiga kelele kwamba hatuna kabila, na siku hiyo niliamini kabisa. Wiki chache baadaye mbogi yetu ya mtandaoni ilikuwa inatusiana kwa majina ya ukoo. Ndio maana nataka tuongee kuhusu Makhan Singh.

Nairobi ya mkoloni ililipa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Ukimpa fundi Mhindi kidogo zaidi ya Mwafrika, anaanza kuogopa kupoteza hicho kidogo, na hawa wawili hawataungana kamwe.

Singh, kijana aliyefanya kazi kwenye matbaa ya babake, alikataa huo mchezo. 1935 alichukua chama cha wafanyakazi Wahindi, akabadilisha jina, akafungua mlango kwa watu wa rangi zote. Mei 1949, yeye na Fred Kubai wakaunda East African Trade Union Congress. Kubai rais, Singh katibu mkuu.

Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni, KAU na viongozi wa Wahindi walifanya mkutano wa pamoja. Singh akasimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Mei 15 akakamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake, Nairobi ikagoma kwa siku kama 9. Madai? Viongozi waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi.

Hebu fikiria: maelfu ya Waafrika wameacha kazi, na mmoja wa watu wanaotaka waachiliwe ni Mhindi. Serikali iliogopa hiyo kitu kuliko hotuba yoyote. Singh alizuiliwa zaidi ya miaka 11, hadi 1961. Uhuru ulipokuja, wenye nchi mpya wakamweka kando. Alifariki 1973.

Sisemi hawa watu walipendana sana. Ninachosema ni kwamba walikuwa na chama, vikao na dai moja lenye namba ndani yake. Walijuana kabla ya moto kuwaka. Sisi tulikutana barabarani, vitoa machozi vikatutawanya, kila mtu akarudi kwao.

Kwa hivyo swali langu si kama utatoka next time. Ni hili: nje ya mtaa wako na kabila lako, unajua nani kwa jina, na mnadai nini pamoja?