Uganda: Karibu Miaka Miwili Bila Kengele ya Shule

Historia ya janga haiandikwi kwa hesabu ya makaburi pekee. Tazama jirani yetu Uganda. Machi 2020, serikali ilifunga shule zote ili kuzuia UVIKO-19. Madarasa ya mitihani yalirejea Oktoba, mengine yakafuata kwa awamu. Lakini Juni 2021, wimbi la pili lilipopamba moto, milango ilifungwa tena. Shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika.

Masomo yalirushwa redioni na katika televisheni. Je, mtoto wa nyumba isiyo na redio alisoma nini? Wengi walishika majembe, wengine wakachuuza barabarani. Kengele ilipolia tena, baadhi ya wasichana walikuwa wamekwisha kuwa mama. Walimu wa shule binafsi waliokosa mishahara walitafuta riziki kwingine, na si wote waliorudi ubaoni.

Usiharakishe kulaumu: nia ilikuwa kuokoa uhai. Lakini jiulize, uamuzi wa kuwakinga wote ulilipiwa na nani? Takwimu za ugonjwa zilitaja waliougua na waliofariki. Hazikumtaja mtoto aliyepoteza marafiki, mwalimu na tumaini la kesho yake. Taifa linapofunga mlango kwa usalama wa wote, lina deni kwa yule aliyeachwa nje. Raia mwema hulikumbusha deni hilo hata baada ya janga kupita.