Historia: Mashua za esansi zilizoshuka Lualaba mwaka 1915
Kampene, Maniema. – Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta Kongo mashua 2 za vita, Mimi na Toutou, ili kupigana na Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Kila moja ilikuwa na mashine 2 za esansi.

Kutoka Fungurume zilikokotwa na matrakta ya mvuke kupitia milima ya Mitumba. Raia walikata njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Wamama walibeba maji kichwani ya kulisha matrakta. Toka Bukama zilishuka Lualaba, mto huu huu unaopita Kindu, mpaka Kabalo, kisha treni hadi Kalemie. Desemba 26 zilikamata meli Kingani. Majina ya wakubwa yaliandikwa. Ya waliobeba maji, hapana.

Esansi ni ile ile. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya mashua, na cheche moja yatosha. Kwa hiyo fundi wa mashine ya zamani hufungua kifuniko, huacha hewa ipite, hunusa, ndipo awashe.

Familia zinazovuka leo kwa pirogi ya mota, bidoni za esansi miguuni, nazo zina haki ya kudai: hakuna sigara wala moto.