Lile Koti Kwenye Kiti Lilipewa Ruhusa 1971

Wadau, unaingia ofisi ya serikali, koti liko kwenye kiti, mwenyewe hayuko. "Ametoka kidogo, rudi kesho." Wengi tunasema tu ni uvivu. Mimi nasema kuna historia hapo tunairuka.

Enzi za mkoloni, kanuni za kazi zilimbana mfanyakazi wa serikali asifanye biashara. Baada ya uhuru hesabu ikabadilika. Serikali ilitaka Mwafrika ashike uchumi, na kuna maofisa walikuwa tayari na mashamba na maduka. Ndio mwaka wa 1971 Tume ya Ndegwa, ikiongozwa na Duncan Ndegwa, Gavana wa Benki Kuu, ikasema sawa: mtumishi wa umma anaweza kuwa na biashara, bora tu kazi ya wananchi isiumie.

Sasa hebu fikiria. Saa za duka na saa za ofisi ni zile zile. Ng'ombe akiugua saa nne asubuhi, nani anaenda kumwona? Na mkubwa ambaye pia ako na biashara zake mjini atamuuliza karani vipi, "Mbona ulitoka mapema?" Ilipofika 1980, ripoti ya Kamati ya Waruhiu ikalalamika kwamba maofisa wanaacha kazi ya umma wakishughulikia mambo yao.

Halafu miaka ya 80 na 90 bei zikapanda, mshahara ukaachwa nyuma. Biashara ya kando ikawa ndiyo inalipa karo. Hapo utamwambia mtu aiache?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 77, inamkataza afisa wa Serikali wa kudumu kufanya kazi nyingine ya malipo. Lakini hao ni kina wabunge, majaji na magavana. Karani wa kaunta hayumo.

Sisemi kila asiyekuwepo ako dukani. Kuna wagonjwa, kuna waliotumwa kazi nje. Lakini kumfokea karani pekee hakusaidii kama bosi wake naye hayuko. Tuanze na huyo bosi: saa hizi ako wapi, na biashara zake ni gani? Kwa sababu yule mama aliyekuja na matatu ya alfajiri kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hiyo "rudi kesho" analipa yeye. Nauli mara mbili.