Bibi Salme na Baridi ya Ujerumani

Wengi wetu tulilijua jina la Sayyida Salme kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja alioandika. Hadithi inayopendwa ni ile ya mapenzi: binti wa Sultani Said bin Sultan alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akatoroka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden, akaitwa Emily. Hapo wasimuliaji wengi huchoka. Sisi tunataka kuanzia hapo, kwa sababu mwandishi tunayemsoma leo alitokana na yaliyofuata.

Alifika Hamburg katikati ya 1867, akiwa na miaka 22. Mtu aliyezaliwa Unguja amezoea mchana wa saa kumi na mbili, mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika chache tu. Hamburg mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na karibu saa kumi jioni limekwisha zama, kama lilionekana kabisa. (Kamusi hutupa neno kipupwe, lakini kipupwe cha pwani ni cha Julai, cha kujifunika shuka moja zaidi. Walimu wetu watusamehe, sisi tutasema baridi.) Nyumba zilifungwa milango na madirisha. Kwao Mtoni watu waliishi nje kama walivyoishi ndani, na nyumba ilijaa mamia ya watu.

Alizaa watoto watatu kati ya 1868 na 1870. Agosti 1870, mtoto wa mwisho akiwa bado mchanga, mumewe aligongwa na tramu ya kuvutwa na farasi, akafa. Salme akabaki na watoto katika nchi ambayo mtu pekee aliyemjua tangu Unguja alikuwa kaburini. Urithi alioudai Unguja hakuupata. Majira ya baridi yaliyofuata, mengi kweli, aliyapitisha kwa kuhamahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Kuni na makaa hununuliwa, na alitafuta riziki kwa kufundisha Kiarabu.

Kuandika kwenyewe alijifundisha kwa siri. Utotoni mwake wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akanakili herufi za msahafu mpaka mkono ukakubali. Akiwa na miaka 15, kaka yake Barghash alipotaka kunyakua kiti cha Majid mwaka 1859, ni yeye aliyewaandikia waasi barua zao. Ujuzi ule ulimgombanisha na nusu ya ndugu zake. Ujerumani ukawa ndio mali yake.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kukiandika miaka tisa kabla, mwili na moyo vikiwa vimechoka, akidhani hataishi hadi wanawe wakue. Watoto hawakujua mengi zaidi ya kwamba mama yao ni Mwarabu wa Unguja. Basi akawaandikia Mtoni: bahari, farasi, sikukuu, harusi, wagonjwa na waganga. Anataja lugha zilizosikika humo, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kiswahili, Kihabeshi na nyinginezo, ingawa mbele ya baba ilitakiwa Kiarabu tu. Wanawe walijua Kijerumani, kwa hiyo Mtoni nzima ilibidi ipite katika Kijerumani. Sisi ambao tumesimuliwa nyumbani kwetu kwa Kiingereza tunaielewa hesabu hiyo vizuri kuliko tunavyopenda.

Baridi yenyewe imo kitabuni, tena kama hoja. Wazungu walisema watu wa nchi za joto ni wavivu. Salme, aliyeishi kote kuwili, anajibu kwamba wa kaskazini hana hiari: bila nguo nzito, moto na akiba ataangamia, kwa hiyo hufanya kazi bila kupumua. Wa kusini mahitaji yake ni machache. Jibu hili tunalipenda. Lakini kalamu hiyohiyo inatetea utumwa wa Waarabu, ikidai ulikuwa mpole na kwamba Wazungu hawauelewi. Hapo tulibishana sana chamani, na wengi wetu hatukubali udhuru wa kwamba aliandika kwa kutamani kwao. Raha ya Mtoni anayoikumbuka ilibebwa na watu ambao hakuna aliyewapa mfupa wa kujifunzia kuandika.

Baada ya kitabu aliandika pia barua ndefu kwa rafiki wa Unguja, akimweleza maisha ya Ulaya tangu siku ya kufika. Katika hizo Hamburg inaonekana wazi kuliko kitabuni, pamoja na ujane wake. Kitabu kilikuwa cha watoto, na watoto huonyeshwa jua.

Alifariki Jena, Februari 1924, akiwa na miaka 79. Barua zilibaki katika makaratasi yake, ambayo baadaye yalihifadhiwa Leiden. Zilichapishwa mwaka 1993, kwa tafsiri ya Kiingereza, na rafiki anayeandikiwa hakutajwa jina popote.