Jimbo la Chake Chake na Kura Moja ya Mwaka 1961

Mji wa Chake Chake umeketi katikati ya kisiwa cha Pemba, juu ya hori liingialo kutoka magharibi, na tangu tufani ya mwaka 1872, iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja ikaisaza ya Pemba, riziki ya watu wake aghlabu imekuwa karafuu. Jambo hili si dogo kwa atakaye kuifahamu historia ya kura zake, kwani mashamba ya Pemba hayakuwa milki ya wakubwa peke yao: Mshirazi alikuwa na mikarafuu yake na Mwarabu yake, wakapakana, wakaoana, wakazikana, hata ikawa vigumu kumwaminisha Mpemba kwamba jirani yake ni hasimu wake kwa ajili ya nasaba tu.

Uchaguzi wa kwanza, wa Julai 1957, ulikuwa wa viti sita kwa Unguja na Pemba, na wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Viti viwili vya Pemba walivipata Ali Sharif na Mohammed Shamte, ambao baadaye waliingia chama cha Afro-Shirazi, kisha mwaka 1959 wakatoka, wakaasisi chama cha ZPPP pamoja na Ameri Tajo wa Unguja. Wako wanaouita mwendo huo usaliti. Mimi nauona ni hadhari ya Wapemba wasiotaka kumezwa na siasa iliyolelewa Ng'ambo ya mji wa Unguja, ambako uhasama wa makabila ulikuwa mkali kuliko kwao.

Januari 1961 majimbo yalikuwa 22, tisa katika hayo ya Pemba, na wanawake wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Kura za Chake Chake zilipohesabiwa, Afro-Shirazi ilikuwa imekishinda chama cha Hizbu kwa kura moja. Ikawa Afro-Shirazi ina viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Na wale watatu wa ZPPP wakafarakana, wawili wakielekea Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, hata pande mbili zikalingana 11 kwa 11, asipatikane wa kuunda serikali. Lau kura ile ingalikwenda kwa Hizbu, na wale wawili wakaifuata vilevile, ingalikuwa na viti 12 kwa 10, wala uchaguzi wa pili usingalihitajika.

Wengi huitaja kura ile kama ajali ya hesabu. Sikubaliani nao: mji ambao ukoo mmoja ulikuwa na watu wa vyama viwili haukuwa na matokeo ya haki zaidi ya hayo.

Uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni 1961, likiwa limeongezwa jimbo la 23, na siku hiyo yakazuka Unguja machafuko yaliyoua watu 68, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hizbu na ZPPP zikashikamana, Shamte akawa Waziri Kiongozi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ikapata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa wafuasi wake walirundikana katika majimbo ya Unguja, ilhali wapinzani wake walivizoa viti vingi vya Pemba kwa tofauti ndogo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 vyama vyote isipokuwa Afro-Shirazi vilipigwa marufuku, na Baraza la Wawakilishi halikuanza hadi mwaka 1980. Vyama vingi viliporudi katika uchaguzi wa 1995, viti vyote 21 vya Pemba, cha Chake Chake kikiwamo, vilikwenda kwa chama cha CUF.