Msiba Uliogeuzwa Wimbo

Wasomaji wetu, nani angedhani kwamba msiba waweza kufanywa mchezo wa nyimbo? Mwaka 1948 Alan Paton wa Afrika Kusini alitoa kitabu, "Cry, the Beloved Country": kasisi Mzulu, Stephen Kumalo, aenda Johannesburg kumtafuta mwanawe, akamkuta yu gerezani kwa kumwua Mzungu. Mwaka 1949, huko New York, Maxwell Anderson alikigeuza kuwa mchezo, "Lost in the Stars", na Kurt Weill, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, akatunga nyimbo. Wala nyimbo hazikuufuta msiba: kijana hunyongwa vile vile. Lakini saa hiyo ikikaribia, baba wa aliyeuawa huja kuketi na baba wa mwuaji. Basi wimbo si wa furaha tu. Hata matangani twaimba, ili mzigo uchukuliwe na wengi.