Wazo la Knox Lilipofika Melbourne

Mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 400 wa Uskoti waliacha kanisa la taifa pamoja na nyumba na mishahara yao, kwa kukataa wenye mashamba makubwa wawachagulie waumini mchungaji. Mtikisiko huo ulivuka bahari. Huko Melbourne, mji uliokuwa bado mchanga, Mchungaji James Forbes naye alijitenga mwaka 1846 na kuanzisha usharika wa Kanisa Huru, kanisa la wale waliojitenga Uskoti. Mimbari peke yake haikumtosha, alitaka shule.

Haja hiyo aliirithi. Tangu 1560 John Knox, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa huko Uskoti, na wenzake walidai kila kanisa liwe na mwalimu, na mtoto wa maskini mwenye akili asomeshwe kama wa tajiri. Mwaka 1696 Bunge la Uskoti liliagiza kila parokia iwe na shule.

Forbes alifariki Agosti 1851. Shule yake ilifunguliwa tarehe 6 Oktoba, chini ya Robert Lawson, katika mwaka uleule dhahabu ilipogunduliwa katika koloni la Victoria, lenye mji huo, na wanaume wakaukimbia mji kwenda machimboni. Ndiyo inayojulikana leo kama Scotch College. Aliyeijenga hasa ni Alexander Morrison, mkuu wa shule tangu 1857 hadi kifo chake mwaka 1903. Mwaka 1858 wavulana wake walikutana na wale wa Melbourne Grammar katika mechi iliyoendelea kwa Jumamosi tatu, mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo za kandanda ya Kiaustralia. Mmoja wa waamuzi alikuwa John Macadam, mwalimu wa kemia shuleni hapo. Mmea wa makadamia, unaolimwa sasa Murang'a na Embu nchini Kenya, ulipewa jina kwa heshima yake.

Sheria ya elimu ya Victoria ya 1872 ilileta shule za serikali zisizo na ada wala dini, na ruzuku kwa shule za makanisa ikakoma. Scotch ikategemea ada. Naiona hii kuwa hasara kubwa: wazo lililozaliwa kwa ajili ya kila mtoto wa parokia likawa mali ya wenye uwezo, na maskini akabakiwa na tundu la ufadhili tu. Hata hivyo mlango wa imani haukufungwa. John Monash, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, aliingia mwaka 1877, akamaliza miongoni mwa vinara wa shule, na baadaye akaongoza jeshi la Australia huko Ufaransa mwaka 1918.

Shule za aina hiyo zilienea: Sydney nayo ilipata Scots College mwaka 1893. Melbourne yenyewe ilirudi kwenye mabishano mwaka 1977, sharika nyingi za Kipresbiteri, kanisa lile lenye asili ya Uskoti, zilipoungana na Wamethodisti na Wakongregesheni. Scotch ilipewa Wapresbiteri waliobaki, wahitimu wengi wakapinga, na mwaka 1980 ikaundiwa baraza lenye wajumbe wa kanisa na wa chama cha wahitimu.